Filamu ya Amin inaishia pale yetu inapoanzia

KUNA filamu ambazo watu huzisahau kabla jenereta haijapoa. Nyingine hukaa midomoni mwao miaka na miaka. Huku kwetu Manibe, njia ya Arua kwenda Koboko, iliyokaa midomoni ni ile ya Idi Amin iliyotoka mwaka 2006, The Last King of Scotland, yaani Mfalme wa Mwisho wa Uskoti. Katika kibanda chetu ilionyeshwa kwa siku tatu tu, mwaka 2007. Lakini mpaka leo, ukikaa na watu wa rika langu chini ya mwembe, au kwenye foleni ya forodha pale Vurra, ukaitaja tu, soga nyingine zote hukoma na ubishi huanza upya.

Ubishi huo ndio ninaotaka kuuzungumzia leo, ndugu msomaji, kwa sababu naamini una thamani kuliko filamu yenyewe. Filamu ilitengenezwa na watu waliotoka mbali kuja kusimulia habari zetu. Ubishi ni wa watu waliokuwepo.

Ilivyotufikia

Kwa wale ambao hawakuiona, filamu hiyo inamhusu daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, anayekuja Uganda mwaka 1971, mwaka ambao Amin alitwaa madaraka. Anaingia Ikulu, anakuwa daktari na rafiki wa rais, na kidogo kidogo anagundua amekaa karibu na moto. Mwongozaji ni Kevin Macdonald. Mwigizaji James McAvoy ndiye daktari, na Mmarekani mweusi Forest Whitaker ndiye Amin. Hadithi imetoka katika riwaya ya Mwingereza Giles Foden iliyochapishwa mwaka 1998. Jina lake linatokana na majigambo ya Amin mwenyewe, aliyependa kujiita mfalme wa Waskoti.

Jambo la kwanza ambalo watazamaji wengi hawakuambiwa ni kwamba daktari huyo hakuwahi kuwepo. Foden alimbuni, akiazima mambo kutoka kwa watu waliokuwa karibu na Amin, akiwemo Mwingereza Bob Astles. Lakini mahali ni pa kweli. Filamu ilipigwa hapa hapa Uganda mwaka 2005, na Waganda kama Stephen Rwangyezi na Abby Mukiibi waliigiza ndani yake. Whitaker alijifunza Kiswahili, akajifunza kupiga kodiani, akakutana na ndugu wa Amin. Kazi aliifanya, hilo hata wabishi wa Manibe hawakumnyima.

Februari 2007 ilizinduliwa Kampala, Rais Museveni akiwepo na Whitaker mwenyewe akiwepo. Siku chache baadaye, Februari 25, Whitaker akapewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kule Los Angeles. Wenye uwezo waliitazama jijini wakiwa wameketi kwenye viti laini. Sisi tuliokuwa karibu kilomita 500 kutoka huko, katika eneo alikotoka baba yake Amin, tulikuwa na kibanda cha video.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha udongo na mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na jenereta nyuma ya ukuta ikinywa petroli ya Kongo iliyonunuliwa kwa vijana wa OPEC. Kiingilio kilikuwa shilingi 300. Diski ya kunakili ilikuja na basi la usiku kutoka Arua Park, imefungwa katika gazeti. Kando ya televisheni alisimama kijana mtafsiri mwenye kipaza sauti, akisema Kilugbara kwanza, kisha Kiswahili kwa ajili ya Wakakwa, Wanubi na wafanyabiashara waliolala kwetu wakitoka Ariwara na Yei.

Siku ya kwanza walijaa vijana wa bodaboda waliotaka kuona bunduki. Siku ya pili walikuja wazee na akina mama, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika kibanda kile. Siku ya tatu watu walisimama nje wakichungulia dirishani. Siku ya nne ilikuwa zamu ya mpira wa Uingereza, na mwenye kibanda alikuwa ameshaandika majina ya timu kwa chaki kwenye ubao. Hakuna aliyelalamika, kwani mpira ni mpira. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka kibandani na kuingia sokoni.

Waliyoyakataa

La kwanza kukataliwa lilikuwa la mila. Kuelekea mwisho, daktari yule anateswa uwanja wa ndege wa Entebbe kwa kutembea na mke wa rais. Anapigwa ndoano kifuani na kuning'inizwa. Amin wa filamu anaeleza kwamba hivyo ndivyo kijijini kwao wanavyomfanya anayeiba mke wa mzee. Mtafsiri wetu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno hayo harakaharaka kama mtu anayeruka shimo.

Mzee mmoja wa Kikakwa kutoka Koboko, aliyekuja kumsalimia binti yake aliyeolewa hapa, alisimama palepale na kuwauliza waliokuwepo kijiji hicho kiko wapi. Kwao, alisema, kosa la namna hiyo lingeweza kuleta mkuki, na likituliwa na wazee lilikwisha kwa ng'ombe. Ndoano hakuzisikia kwa babu wala kwa baba. Vijana walimwambia akae, anawazibia. Aliketi, lakini nilimwona ametazama chini mpaka mwisho.

Jambo la pili ni la Kay. Katika filamu, mke huyo wa Amin anapendana na daktari wa Kiskoti, anapata mimba yake, na Amin anaagiza auawe na mwili wake ukatwekatwe. Kay Adroa hakubuniwa. Alikuwa Mlugbara, binti wa mchungaji, aliyesoma Makerere. Amin alimwoa mwaka 1966 na kutangaza talaka redioni Machi 1974, pamoja na wake wengine wawili. Agosti mwaka huohuo alikufa. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin kabla ya kutoroka, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba mwili wake ulikutwa umekatwa katika buti la gari la daktari Mganda, ambaye naye alikufa, na kwamba aliamini Kay alifia katika kutolewa mimba. Mskoti hayumo popote.

Pale kibandani, picha ile ilipotokea, akina mama wawili walitoka nje. Mtafsiri hakutafsiri kitu. Jenereta tu ndiyo iliyosikika. Baadaye mama mmoja anayeuza vitenge aliniambia: "Mwalimu, huyo ana ndugu hapa Arua. Wanauza tiketi ya maiti ya mtoto wa watu." Sijasikia uchambuzi wa filamu uliozidi huo kwa kufika mahali pake.

La tatu halikuonyeshwa kabisa. Ukiitazama filamu ile bila kujua, utadhani watu wote wa West Nile walikula meza moja na Amin. Ni kweli wengi wa askari wake walitoka huku, na wapo waliofanya maovu. Mzee mmoja aliyewahi kuvaa magwanda alisema hayo mbele ya watu, na kwa kusema hivyo nilimheshimu. Lakini mzee huyohuyo aliuliza mbona Ondoga hayumo. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa waziri wa mambo ya nje. Aliachishwa kazi Februari 1974, na Machi mwili wake ukakutwa katika mto Nile. Mwezi huohuo Brigedia Charles Arube, Mkakwa, alikufa baada ya jaribio la kumpindua Amin kushindwa. Kwetu kuna wajane wa Amin pia, maana yake walioachwa wajane naye.

Ile nyingine ya vituko

Katika ubishi huo waliingia wapenzi wa filamu ya zamani, Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa Kenya. Aliyemwigiza Amin ni Mkenya Joseph Olita, mtu aliyefanana naye mpaka watu wakashtuka. Alimwigiza tena mwaka 1991 katika Mississippi Masala ya Mira Nair, na alifariki mwaka 2014. Ndani ya filamu hiyo ya 1981 yumo hata Denis Hills, Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa maandishi yake kisha akamwachia. Anajiigiza mwenyewe.

Hiyo ni filamu ya vituko. Kuna vichwa vya watu ndani ya friji, kuna Amin anayekula nyama ya mtu, na kila kitu kinakwenda mbio. Kanda zake zilizunguka sana Afrika Mashariki, na katika vibanda watu huicheka kama mchezo wa kuchekesha. Vijana wa bodaboda waliitetea kwa nguvu zote, wakisema angalau haichoshi.

Aliyewajibu ni mfanyabiashara wa sabuni na sukari aliyevuka mpaka kila wiki. Alisema uongo wa ile ya zamani unaonekana kwa macho, kama noti ya bandia iliyochapwa vibaya. Hiyo mpya imechapwa vizuri. Wino ni mzuri, karatasi ni nzuri, na nusu yake ni kweli kabisa, ndiyo maana itapita sokoni miaka mingi. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Wiki ileile, katika nyumba ya wageni alimozoea kulala Kampala, kijana wa mapokezi alimuuliza kwa kicheko kama yeye ni wa ukoo wa Amin. Alikuwa na jibu la miaka mingi kwa wale waliomwita Anyanya. Kwa hilo la filamu hakuwa na jibu, kwa sababu kijana yule hakuwa akimtukana. Alikuwa ameona tu.

Tusisahau pia kwamba Amin naye alijua nguvu ya picha. Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitoa filamu ya habari juu yake, Amin akiwa mshiriki kwa hiari na hata muziki ukiwa wake. Uganda ilipelekewa toleo fupi lililompendeza. Alipopata habari kwamba kule Ulaya linaonyeshwa refu zaidi, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Uganda katika hoteli iliyozungukwa na askari, mpaka Schroeder akakata vipande asivyovitaka. Vilirudishwa baada ya Amin kuanguka. Kwa hiyo tangu zamani swali ni lilelile: nani ana mkasi?

Inapoishia

Sasa nifike kwenye jambo langu. Hadithi ya filamu ile inafungwa Julai 1976, wakati wa mateka wa Entebbe. Daktari anapanda ndege na kuondoka. Yanafuata maandishi machache ya kutuambia Amin alipinduliwa mwaka 1979, na taa zinawashwa. Kwa mtazamaji wa London hapo mambo yamekwisha. Kwetu sisi hapo ndipo yanapoanza.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Majeshi ya Tanzania yalifika West Nile wiki kadhaa baadaye, na wazee wetu wanakumbuka kwamba askari wale hawakuja kulipiza kisasi. Kisasi kilikuja Oktoba 1980, pale askari wa zamani wa Amin waliposhambulia kutokea Sudan na Zaire, na jeshi jipya la serikali, UNLA, likarudi kwa hasira juu ya raia. Arua na Koboko ziliporwa na kuchomwa. Juni 24, 1981, watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa humohumo walimodhani ni salama. Mamia ya maelfu walikuwa wakivuka mpaka, wengine Sudan, wengine Zaire.

Mimi nilivuka mgongoni kwa mama. Nilisoma shule upande wa Aru, nikafundishwa kwa Kifaransa, nikaimba nyimbo za Mobutu asubuhi kabla ya kujua bendera ya Uganda ina rangi gani. Tuliitwa wakimbizi wa Amin. Jirani yetu mmoja, ambaye mumewe aliuawa na watu wa Amin mwaka 1977, naye aliitwa hivyo hivyo, na alichukua mgao wake wa mahindi chini ya jina hilo. Tuliporudi, boma letu la Manibe lilikuwa pori. Baba alilitambua kwa jiwe la kunolea visu.

Mpaka leo sijaona filamu ya siku hizo ikitiwa diski katika kibanda chochote. Vita vya Luwero vimepata filamu yao, 27 Guns, iliyoongozwa na Natasha Karugire na kutoka mwaka 2018. Sitaki kumlaumu aliyesimulia ya kwake. Nasema tu kwamba ya kwetu yapo vichwani mwa wazee, na kila mwezi tunamzika mmoja.

Katika Mfalme wa Mwisho kuna daktari mwingine, Mganda, Junju, aliyeigizwa na David Oyelowo. Ndiye anayemtorosha Garrigan, na kwa kufanya hivyo anauawa. Anamwambia kwamba akasimulie aliyoyaona, kwa kuwa yeye ni mzungu na dunia itamwamini. Kijana wetu wa kipaza sauti alitafsiri maneno hayo polepole sana, na kibanda kizima kilicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kila mtu alielewa kwamba filamu imesema kwa nini imetengenezwa jinsi ilivyotengenezwa.

Tusianguke shimo lolote

Kuna mashimo mawili njiani. La kwanza ni la wanaosema kwamba kwa kuwa filamu imedanganya kuhusu ndoano na Kay, basi yote ni uongo na Amin alionewa. Familia yake ina haki ya kusema, na mwanawe Jaffar Amin amesema hadharani na vitabuni. Lakini Waasia walifukuzwa mwaka 1972 kwa siku 90, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mwaka huohuo hakurudi, na Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Hayo hayakubuniwa na Giles Foden. Shimo la pili ni la wanaosema kwamba kwa kuwa Amin aliua, lolote litakalosemwa juu ya watu wa huku ni halali. Mtoto wa Koboko aliyezaliwa mwaka 2010 hana deni la mwaka 1974.

Wanafunzi wangu wamezaliwa muda mrefu baada ya vita. Amin wanamjua kwa sura ya Whitaker, maana filamu ile siku hizi imo kwenye simu. Siwakatazi kuitazama. Nawaambia waitazame na babu au bibi, kisha wamuulize maswali matatu na kuandika majibu: Ulikimbia lini na kwa njia gani? Nani mlimwacha nyuma? Mliporudi mlikuta nini? Kuna binti aliyerudi na kurasa kumi na moja. Kuna kijana aliyerudi na mstari mmoja, kwamba babu amelia na hakuendelea. Madaftari yote mawili ninayo.

Wasomaji wenzangu mnaovuka kwenda Ariwara, Kaya na Yei mna nafasi ambayo mwalimu hana. Huko wako wenzetu ambao hawakurudi, na wako wenyeji waliotupokea, ambao nao wana upande wao wa hadithi. Siku hizi simu ya mfukoni inarekodi sauti na picha. Na asiyeamini kwamba filamu hufanywa kwa mfuko mdogo amtazame Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vifaa vya kuungaunga na waigizaji wa mtaani, ikatazamwa duniani kote. Yake ni vichekesho na bunduki za mbao. Lakini hakungoja mzungu wa kuaminiwa.

Wiki hii ukifika nyumbani, kabla ya kuhesabu faida ya safari, mkalishe mzee na umuulize ile ya kwanza: ulikimbia lini, na kwa njia gani? Kama atasema ni marefu, mwambie una muda.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, Manibe, Arua.